Simu Si Mtu

Leo siandiki kuhusu lugha mpya ya kuandikia programu wala simu mpya iliyoingia sokoni. Leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia karibu katika kila mkutano wa watu wa kompyuta ambapo habari za afya zimetajwa. "Tatizo ni kwamba wazee hawajui teknolojia." Ikishasemwa, wote tunatikisa vichwa. Mtu mmoja anaandika ubaoni kwamba kuna haja ya kuelimisha wananchi, halafu tunaenda kunywa chai. Mimi pia nimetikisa kichwa, tena zaidi ya mara moja. Leo nasema hadharani: sentensi hiyo ni uongo, na sisi tunaoandika programu tunaipenda kwa sababu inatutoa lawamani.

Unataka ushahidi? Njoo Riruta. Panda matatu ya 46 kutoka mjini, shuka Kawangware, halafu ufuate Naivasha Road kwa miguu. Hutatembea mbali kabla hujamkuta shosho anayeuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Mwulize kama anapokea M-Pesa. Atakutajia nambari kwa kichwa bila kutazama popote. Anajua salio lake. Anajua makato ya kutoa pesa. Anawajua wakora wanaotuma ujumbe wa uongo wakidai wametuma pesa kwa makosa, na anajua jinsi ya kuwatukana kwa adabu. Mchango wake wa chama anautuma kwa simu, na simu yenyewe ni mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira ili betri isitoke.

Sasa mwambie shosho huyo huyo ajiandikishe katika mfumo wa afya kwa simu, au apange siku ya kwenda kliniki kwa simu. Anakwama. Ni mtu yule yule, simu ile ile, siku ile ile. Niambie basi, ujuzi wake wa teknolojia umepotelea wapi? Umedondoka njiani kati ya soko na kliniki?

Haujadondoka. Aliyemwandikia mfumo wa pesa alimfikiria. Aliyemwandikia mfumo wa afya alijifikiria mwenyewe.

Kosa langu

Nisimnyooshee mtu kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe. Mwaka 2022, nikiwa sina muda mrefu tangu nitoke chuo na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, kliniki moja ndogo ya binafsi mitaa ya kwetu iliniomba niwaandikie programu ya kupanga siku za wagonjwa na kuwatumia ujumbe wa simu vipimo vikiwa tayari. Sitaitaja jina, maana kosa halikuwa lao.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Katika hifadhidata, kila jedwali linahitaji ufunguo, yaani kitu kimoja kinachomtenganisha mtu huyu na yule. Nambari ya kitambulisho haikunifaa kwa sababu watoto hawana. Majina nayo hayakunifaa, maana Riruta ukiita Wanjiku watageuka watu saba. Basi nikachagua nambari ya simu, na kando ya safu hiyo nikaandika neno moja: UNIQUE. Kwa asiyejua mambo haya, neno hilo linaiambia kompyuta isikubali nambari ile ile ya simu mara mbili. Herufi sita tu. Nikapima programu kwa simu yangu na simu za marafiki zangu watatu tuliosoma pamoja. Ikafanya kazi vizuri sana.

Wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Wiki ya tatu nikapita kliniki kusalimia, nikakuta dada wa mapokezi ana daftari kubwa kando ya kompyuta. Nikamuuliza ni la nini.

"Hilo ni la wale wamekataliwa na kompyuta yako," akanijibu, bila kejeli hata kidogo.

Nikalifungua. Ndani kulikuwa na shosho na mjukuu wake wanaotumia simu moja. Mama na watoto wake watatu. Mzee aliyeletwa na jirani, ambaye nambari pekee aliyoijua ni ya mwanawe aliye Mombasa. Fundi wa mjengo aliyebadilisha laini mara nne mwaka huo huo. Kwa kila mmoja, kompyuta ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kwamba nambari hiyo tayari inatumika, na ikakataa kuendelea.

Daftari halikuwa baya kuliko yote. Foleni ilipokuwa ndefu, dada huyo alikuwa amebuni njia ya mkato. Alikuwa akiandika nambari yake mwenyewe na kubadilisha tarakimu ya mwisho, ili kompyuta inyamaze na mgonjwa aingie kwa daktari. Simlaumu. Alikuwa na watu ishirini kwenye benchi na mtoto analia. Lakini nambari hizo zilikuwa na wenyewe! Watu tusiowajua walikuwa wakipokea habari za vipimo vya watu wengine.

Halafu kuna msichana. Alikuwa na miaka 17. Alikuja alasiri moja, sare ya shule ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akapima ujauzito. Mapokezi walipomwomba nambari ya simu akatoa ile moja aliyoijua kwa kichwa, ya baba yake. Hakuna aliyemwambia nambari hiyo ni ya kazi gani. Saa mbili usiku programu yangu, kwa utiifu wa mashine, ikatuma ujumbe wenye jina lake na kueleza kwamba matokeo ya kipimo chake cha ujauzito yako tayari.

Hakurudi kliniki. Muuguzi aliulizia kwa majirani, akaambiwa amepelekwa mashambani kwa shangazi yake.

Sasa nirudie ile sentensi ya mkutanoni. Wazee hawajui teknolojia? Huyu hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 17 na pengine angeweza kunifundisha mimi mambo ya simu. Ujuzi haukumsaidia kitu, kwa sababu tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa herufi sita nilizoziandika nikiwa nimekaa chumbani kwangu na simu yangu mwenyewe mkononi.

Mtu mmoja, simu moja

Nilichofanya mimi ndicho tunachofanya wengi. Tunachukulia kwamba mtu mmoja ana simu moja, simu moja ina laini moja, laini moja imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe, na laini hiyo haitabadilika. Mnyororo wa pete nne. Nani duniani anafanana na mnyororo huo? Mimi! Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mshahara, anayeishi peke yake. Watu wa namna yangu ndio wanaoandika programu, na programu zetu zinatufaa sisi. Kwa wengine wote pete moja au nyingine imekatika. Twende kwa umri.

Mtoto hana simu na hana kitambulisho. Huyo hatumsahau sana, kwa sababu tunajua ana mzazi.

Msichana au mvulana wa miaka 16 anaweza kuwa na simu, lakini hana kitambulisho, kwa sababu Kenya kitambulisho kinapatikana ukifika miaka 18. Bila kitambulisho laini inasajiliwa na mzazi au mlezi. Simu yake inakaguliwa nyumbani. Huyu ndiye ana maswali mengi kuliko sote, na ndiye hawezi kuuliza.

Kijana wa miaka 25 ana kitambulisho na pengine simu ya kupangusa kabisa. Lakini laini? Ametupa moja kwa sababu ya madeni ya mikopo ya simu, nyingine ilipotea na simu iliyonyakuliwa stejini. Kampuni za simu nazo huzigawa upya laini zilizolala, kwa hiyo nambari iliyo kwenye faili yake hospitalini leo inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Mama wa miaka 40 ana simu na laini, lakini simu hiyo ni ya nyumba nzima. Mtoto anafanyia kazi ya shule, mume anaiazima, shemeji anapigiwa humo humo.

Na shosho wa miaka 70? Ana simu, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu aliyemnunulia. Macho hayasomi maandishi madogo. Na kidole, kama nitakavyoeleza, hakisomeki.

Sisemi haya kwa kubuni. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza swali la simu, na jibu likawa kwamba asilimia 47.3 ya watu wa umri wa miaka 3 na kuendelea ndio waliokuwa na simu ya mkono. Chini ya nusu! Ndiyo, watoto wamo humo. Lakini watoto pia huugua, jamani. Wao na wazee ndio wanaougua zaidi. Tumechukua huduma inayohitajiwa zaidi na watu wa ncha mbili za umri, tukaiwekea mlango unaowatosha watu wa katikati.

Si Riruta peke yake

Ungekuwa ni ugonjwa wa kliniki moja na mwandishi mmoja wa programu asiye na uzoefu, ningeomba msamaha, nikanyamaza. Lakini tazama jinsi nchi nzima ilivyojengewa.

Kwa miaka mingi tulikuwa na NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikapisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila mtu akatakiwa kujiandikisha upya, kwa kupiga *147# au kwa mtandao kupitia Afya Yangu. Wazo la kila Mkenya kuwa na bima mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachokipinga ni mlango.

Kwanza, *147#. Watu wa kompyuta tunajisifu kwamba njia hii inafanya kazi hata kwa mulika mwizi, na ni kweli. Lakini ujumbe mmoja wa aina hii hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu unakatwa, unaanza upya. Asiyekuwa na kazi ya mshahara anatakiwa pia kujibu maswali kuhusu nyumba yake, maji anakoyatoa, choo anachotumia, ili mfumo ukadirie uwezo wake wa kulipa. Mpe mtu wa miaka 70, anayesoma kwa kusogeza simu mbali na macho, maswali ya namna hiyo kwenye kioo kidogo kama kiberiti, huku saa inahesabu. Akishindwa tunasema hajui teknolojia. Mimi naijua, na ingenishinda.

Pili, nambari ya siri ya mara moja, ile OTP. Mfumo ulipoanza, ukifika hospitalini mfumo unatuma nambari kwa simu uliyojiandikishia, nawe unaisoma ili ithibitike kwamba ni wewe. Sasa rudi kwenye mnyororo wangu wa pete nne. Shosho yuko dirishani. Nambari ya siri imeingia kwenye simu ya mjukuu. Mjukuu ni makanga, yuko juu ya gari Ngong Road, simu iko mfukoni na muziki uko juu. Nani amethibitishwa hapo? Si shosho. Mfumo umethibitisha kwamba kuna simu mahali fulani imewashwa.

Ndiyo maana nimeliita andiko hili hivi. Simu si mtu. OTP inathibitisha simu.

Tatu, vidole. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba alama za vidole zitachukua nafasi ya nambari za siri, ili kuzuia udanganyifu. Wataalamu wakashangilia, maana kidole huwezi kukisahau nyumbani. Kweli, lakini kidole kinachakaa. Mistari ya kidole hufifia kwa umri, na hufifia kwa kazi. Mwanamke aliyefua nguo za watu Lavington kwa miaka ishirini, na fundi aliyeshika simenti bila glavu, hao hata kabla hawajazeeka mashine inawasoma kwa shida. Upande wa pili wa umri, vidole vya mtoto mchanga ni vidogo na laini mno kwa mashine za kawaida. Ncha zile zile mbili tena!

Jambo hili si siri. Aliyepiga kura Kenya mwaka 2017 au 2022 ameona mzee anaambiwa apanguse kidole kwa kitambaa, ajaribu kingine, ajaribu cha mkono wa pili. India waliliona na mfumo wao wa Aadhaar, ambapo wazee na vibarua walihangaika kupata posho ya chakula kwa sababu mashine ilikataa vidole vyao. Kama kura ina njia ya pili kwa mtu ambaye kidole chake hakisomeki, dawa ya presha haina haki hiyo?

Na msije mkaniambia fedha hazikutosha kufikiria mambo haya. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, katika ripoti iliyotoka mwaka 2025, alihoji jinsi mfumo huu wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 ulivyonunuliwa, na akasema serikali haiumiliki. Bilioni mia moja na nne! Kwa fedha hizo mtu angeweza kukaa kwenye benchi la kituo cha afya Kawangware siku mbili, akatazama tu.

Najua mtakachosema

Mtasema udanganyifu. Ni kweli upo, na hospitali kadhaa zilisimamishwa mwaka 2025 kwa tuhuma za bili hewa. Lakini bili hewa haitengenezwi na shosho. Inatengenezwa na mtu aliyekaa upande wa pili wa dirisha, mwenye neno la siri la kuingia kwenye mfumo. Kumkagua mgonjwa mara tatu ili kumzuia karani mwizi ni kama kufunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu na kuacha wa nyuma wazi. Mfumo unajua kila bili imeandikwa na nani, saa ngapi, kwa mgonjwa gani. Tafuta mwizi humo.

Mtasema mafunzo. Sawa, fundisheni. Lakini shosho wa sukuma wiki alifundishwa M-Pesa na nani? Hakukuwa na semina. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda kulikuwa na mtu. Unakwenda na pesa yako na kitambulisho chako, wakala anakuonyesha, anaandika kwenye daftari, unatia sahihi. Ukikosea mara ya kwanza unarudi kwa mtu yule yule, anakuita kwa jina. Watu walijifunza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumuuliza, na mtu huyo alilipwa kamisheni kwa kuulizwa. Katika afya tukaondoa mtu, tukaweka menyu, halafu tunashangaa.

Na wengine mtasema, tena hii nimeambiwa kwa uso mkavu, kwamba tatizo litaisha lenyewe wazee hawa wakishaondoka na kizazi cha simu kikazeeka. Acha nikueleze kitu. Uzee ni macho, ni masikio, ni vidole vinavyotetemeka, na utampata yeyote atakayebahatika kuishi. Mwaka 2066 nitakuwa nakaribia miaka 70. Nitakuwa najua kuandika programu, na bado kidole changu kitakuwa kimefutika. Na hata siku hiyo watakuwepo wasichana wa miaka 17 ambao simu zao ni za baba zao. Hao hawaondoki na kizazi chochote.

Imewahi kufanywa vizuri, tena hapa hapa

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia nzuri ilishaonyeshwa, hapa Kenya, kabla hata sijamaliza shule ya msingi.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, kulifanyika utafiti ulioitwa WelTel. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilitumiwa ujumbe mmoja kila wiki. Ujumbe ulikuwa na neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, ama "Sawa" ama "Shida". Akijibu shida, au akinyamaza, mhudumu wa kliniki anampigia simu. Basi! Hakuna programu ya kupakua, hakuna neno la siri. Haikulazimu simu iwe ya mgonjwa mwenyewe. Ilitosha awe na njia ya kuifikia karibu kila siku. Na mtu mwingine akiuokota ujumbe ule, anaona salamu. Nani hajawahi kuulizwa mambo?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Katika kundi la "Mambo?" wanaotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, katika kundi jingine asilimia 50. Teknolojia ya ujumbe mfupi wa kawaida, neno moja la Kiswahili, na mtu anayepiga simu ukinyamaza. Waliolibuni walijua jambo ambalo mimi sikulijua mwaka 2022, kwamba ujumbe unaingia kwenye nyumba, na nyumba ina watu wengi.

Na mtu wa kubisha hodi tunaye tayari. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, na wakapewa simu zenye programu ya kuandikia habari za kaya wanazozitembelea. Wanaijua mitaa. Wanajua shosho yupi anaishi na mjukuu, na nyumba gani ina msichana aliyeacha kwenda shule. Hao ndio mawakala wetu, kama wale wa vibanda vya M-Pesa. Walipwe vizuri na kwa wakati, wapewe uwezo wa kumsaidia mtu kujiandikisha na kumtatulia nambari iliyopotea pale pale mlangoni, na nusu ya kilio hiki itakwisha.

Kwa wenzangu mnaoandika programu

Haya si mambo magumu. Nayaweka kwa orodha ili mtu asiseme hakuelewa.

1. Futa UNIQUE kwenye nambari ya simu. Leo, kabla ya chakula cha mchana. Mpe mgonjwa nambari yake mwenyewe na uiandike kwenye kadi ya karatasi. Kadi haiishi chaji.

2. Uliza simu ni ya nani. Yangu, ya familia, ya jirani. Halafu uliza swali la pili: tukutumie ujumbe, tukupigie, au tusikutafute kabisa? Msichana wangu angechagua la tatu.

3. Ujumbe usitaje ugonjwa wala kipimo. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za afya ziko kwenye kundi la zile nyeti. Lakini hata bila sheria, ni adabu.

4. Weka njia ya pili, na isiwe ya aibu. Nambari ikikosa kufika au kidole kikikataa, muuguzi aliyepo aweze kuandika jina lake kama shahidi, mgonjwa ahudumiwe, maswali yafuate baadaye. Kwa dharura hili si ombi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba haikusema "isipokuwa mtandao uwe chini".

5. Kabla hujazindua, mpe programu mtu wa miaka 17 na mtu wa miaka 70, wawe na simu zao halisi, na wewe unyamaze. Usiwaonyeshe pa kubofya. Ukijisikia kutaka kusema "hapana, bonyeza hapo juu", hapo ndipo palipo na kosa, na kosa ni lako.

Kwa wewe msomaji usiyeandika programu: ukikwama kwenye mfumo wa afya, usikubali kuambiwa hujui teknolojia. Uliza kwa sauti, "Njia ya pili iko wapi?" Ukimwona mzee anahangaika dirishani, muulizie yeye pia.

Ile kliniki nilirudi. Nikafuta neno langu la herufi sita, nikatengeneza kadi, nikaweka yale maswali mawili. Ujumbe wetu sasa unasema tu, "Habari yako. Tafadhali pitia kliniki ukipata nafasi." Nikatarajia dada wa mapokezi angelitupa lile daftari. Hakulitupa. Bado analiandika kila mara kompyuta inapokataa mtu, na kila Ijumaa jioni napita kulisoma. Ndilo orodha yangu ya makosa, na ni bora kuliko yoyote niliyofundishwa chuoni.

Jina la msichana halimo katika daftari hilo, kwa sababu kompyuta yangu haikumkataa. Ilimpokea vizuri kabisa, ikampeleka kwa baba yake.

Haya, nimemaliza. Kama umewahi kukwama, wewe au shosho wako, niandikie tuelezane. Na kama wewe ndiye uliyeandika mfumo uliowakwamisha, niandikie pia. Sitakutaja.